Siti binti Saad alijua pa kuanzia

Wapenzi wa taarab katika mwambao wetu ni wengi, na kila mmoja ana lake analolisifu. Yuko anayesifu maneno, yuko anayesifu mkono wa mpiga udi, na yuko ambaye hataki jingine ila mafumbo yatakayomchoma jirani aliyeketi safu ya mbele. Jambo ambalo ni nadra kulisikia likitajwa barazani ni pale mwimbaji anapoianzia sauti yake. Na hilo likikosewa, maneno yawe matamu namna gani na udi uwe umetoka Misri, wimbo umekwisha kuharibika kabla haujafika ubeti wa pili.

Leo, ndugu msomaji, nataka tumtazame marehemu Siti binti Saad kwa upande huo. Habari za maisha yake zimesimuliwa mara nyingi. Wengi wamezungumza juu ya umaskini aliozaliwa nao, safari yake ya Bombay na sifa alizozipata. Nami nitayapitia hayo, kwani bila ya hayo hatutamjua. Lakini nia yangu hasa ni kumfuata kwa sikio. Aliipataje ile sauti, aliianzia wapi, na kazi ya wale waliompigia vyombo ilikuwa nini.

Sababu ya kulichagua jambo hili iko hapa hapa ninapokaa, Mjambere, upande wa Kisauni. Ukiingia Mfunguo Mosi, watu wakisha kumaliza saumu zao, hapapiti mwisho wa juma bila ya harusi mtaani. Viti hukodiwa, vyombo hupangwa uani, na kina mama hukaa mpaka usiku wa manane. Mara nyingi mwimbaji ni binti wa papa hapa, mwenye sauti nzuri aliyojaaliwa na Mola wake. Huchukua wimbo wa bingwa fulani na kutaka kuuanzia pale pale bingwa alipouanzia. Ubeti wa kwanza hupita salama. Wa pili, mishipa ya shingo husimama. Kikifika kiitikio, ama anapiga kelele, ama anateremka chini ya vyombo. Vyombo vyaenda njia yao na yeye yake. Kesho yake hana sauti hata ya kumwita mtoto aje anywe chai. Na watu hawana huruma. Husema kwamba yule si mwimbaji, basi yakaishia hapo. Nawajua mabinti wawili wa mtaa huu walioacha kuimba kabisa kwa aibu ya usiku mmoja tu. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu sauti walikuwa nayo. Walichokosa ni pa kuanzia.

Wanamuziki wetu hupaita mahali hapo kii. Ni ile ngazi ambayo wimbo mzima hukaa juu yake. Ukiipandisha ngazi, wimbo wote wapanda. Ukiishusha, wote washuka. Na mahadhi yabaki yale yale. Asiye mwanamuziki husikia wimbo ule ule. Anayejua tofauti ni koo la mwimbaji.

KUTOKA FUMBA

Siti alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Kinyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa chini kabisa katika Unguja ya wakati ule, na mtoto wao aliitwa Mtumwa. Hilo halikuwa jina la utani la watoto wa mtaani. Ndivyo alivyoitwa, na ndivyo alivyoitika. Utumwa ulikuwa bado watambuliwa na sheria. Kule Unguja sheria hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1897, na kwetu huku pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907. Kwa hiyo msichana huyo alikua katika dunia ambayo mtu kama yeye hakuulizwa anataka nini. Jina alipewa, kazi alipewa, na mahali pake pa kukaa palijulikana.

Skuli hakwenda. Kazi aliyojifunza kwa mama yake ni kufinyanga. Alifinyanga vyungu, akavichoma, akavipeleka mjini kwa miguu kuviuza. Inasimuliwa kwamba akipita na vyungu vyake alikuwa akiimba ili watu wajue kuwa muuzaji amefika, na kwamba sauti yake ilijulikana kabla uso wake haujaonekana.

Watu huisimulia habari hii upesi upesi, kama kitangulizi tu, ili wafike kwenye sifa. Mimi naiona ndiyo skuli aliyoikosa. Hebu mfikirie mtu mwenye mzigo kichwani, anayetembea juani tangu asubuhi, na anayetaka sauti yake ipenye ukuta wa mawe na mlango uliofungwa. Akianzia juu mno, pumzi zitamwishia kabla hajafika mwisho wa mtaa. Akianzia chini mno, hakuna atakayemsikia, na vyungu vitarudi navyo Fumba. Hana budi kutafuta pale ambapo sauti yatoka kwa wepesi na yafika mbali. Na akisha kupapata, ataweza kuimba mchana kutwa.

Jambo hili twaweza kulishuhudia sisi wenyewe. Sikiliza wauza samaki na wauza mahamri wanaopita Mjambere asubuhi. Kila mmoja ana mwito wake, na kila mmoja huuanzia pale pale, leo na kesho na mtondo. Hakuna aliyemfundisha. Koo lake limempeleka lenyewe, kwa sababu ni lazima liwe zima mpaka jioni. Ukimwambia aige mwito wa mwenzake, ataigiza mara mbili tatu kwa mzaha, kisha atarudi kwenye wake.

MJINI

Mwaka 1911 Siti aliihama Fumba akaenda kukaa mjini. Mwaka huo ndio Sayyid Khalifa bin Haroub alipokalia kiti cha usultani, naye alikikalia mpaka mwaka 1960. Taarab ilikuwa tayari ina heshima yake katika mji ule. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kupiga kanuni, na kwamba aliporudi akawafundisha wengine. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho jina lake lajulikana mpaka leo. Lakini taarab hiyo ilikuwa ni shughuli ya wanaume, na aghalabu iliimbwa kwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba, mfinyanzi, hakuwa na kiti humo.

Kilichomfungulia mlango ni sauti. Mpiga muziki mmoja wa mjini alimsikia, akatambua alichokisikia, akamfundisha kuimba pamoja na vyombo. Hatimaye akawa na wenzake wa kudumu ambao majina yao yamefungamana na lake: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaabani na Mbaruku. Na lile jina la Mtumwa likaondoka. Akaitwa Siti, ambalo kwa Kiarabu ni kama kusema bibi, mwanamke wa kuheshimiwa.

NYUZI HUMFUATA MWIMBAJI

Hapa, msomaji, niruhusu nisimame kidogo nieleze vyombo, kwa kuwa bila ya hivyo hutaona kilichonistaajabisha.

Shingo ya udi ni tupu. Haina vigawanyo vya kuonyesha kidole kikae wapi, kama vile alivyo navyo mpiga gitaa. Fidla nayo ni hivyo hivyo. Zaidi ya hayo, nyuzi za vyombo hivi hukazwa na kulegezwa kwa vigingi, na mpigaji anaweza kuzipandisha au kuzishusha kadiri apendavyo, maadamu uzi haujakatika. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, na kuipanga ni kazi ya subira. Matari hayana mahadhi, lakini ngozi yake hulegea kwa unyevu wa bahari, na ndiyo maana huotwa motoni kabla ya kupigwa. Hali yetu ya hewa ya pwani haimhurumii mtu: uzi ulio sawa baada ya Magharibi si lazima uwe sawa ikifika saa sita ya usiku.

Kwa hiyo katika taarab ya namna ile hapakuwa na kii iliyoteremka kutoka popote. Palikuwa na mwimbaji. Desturi ya vyombo hivi, kutoka Misri mpaka huku kwetu, ni kwamba mpigaji humsikiliza mwimbaji, akatafuta pale sauti yake inapokaa vizuri, kisha akafunga nyuzi zake hapo; na wengine wote wakajilinganisha naye. Mwimbaji akiwa na mafua, nyuzi hushuka. Akiwa amechangamka, hupanda.

Basi tazama jambo lilivyogeuka. Yule binti aliyepewa jina na kazi bila ya kuulizwa, sasa ameketi mbele ya watu, na wanaume mafundi wameinamisha vichwa juu ya vyombo vyao, wakaza na kulegeza, wamsubiri yeye. Sijui kama kuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyeanza maisha kama alivyoanza Siti. Taarab haikumtaka awe na sauti ya mtu mwingine. Ilizifunga nyuzi zake kwa koo la mfinyanzi wa Fumba.

Na msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la waimbaji wa taarab peke yao. Sote tumehudhuria maulidi. Anayeanzisha qasida ndiye anayewawekea wenzake wote ngazi. Akianza juu mno, wazee hunyamaza mmoja mmoja, wakabaki watoto wa madrasa wakipiga kelele. Akianza chini mno, watoto hupotea na wazee hubaki wakinguruma. Mwenye busara huionja kwanza kwa sauti ndogo, akawatazama walioketi, kisha ndipo akaifungua. Hiyo ndiyo elimu ninayoizungumzia, nayo tunayo, ila twaisahau tukifika kwenye harusi.

MANENO YASIKIKE

Nyumba ya Siti ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa watu wa kazi na waliotoka katika utumwa. Huko yeye na wenzake walikutana usiku kufanya mazoezi, na majirani walikuja kusikiliza. Nyimbo zao zilichukua habari za mtaa na kuzitia katika beti: mapenzi na udanganyifu, tajiri na maskini, hakimu na mwenye kudai haki. Wimbo wa Kijiti, ulio maarufu kuliko nyingi, wahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam, na jinsi mahakama ilivyowaadhibu waliotoa ushahidi badala ya muuaji.

Nyimbo kama hizo hazina maana yoyote ikiwa maneno hayasikiki. Na hapa ndipo pa kuanzia panapokuwa jambo la haki, si la utamu peke yake. Mwimbaji akivuka mpaka wa koo lake, kinywa hulazimika kufunuka kwa namna moja tu ili sauti ipate kutoka. Basi a, e na o huwa karibu kitu kimoja, na msikilizaji hupata kilio bila ya habari. Sauti ya Siti katika santuri ni nyembamba, yenye kupenya, na iko juu; lakini ni juu kwake yeye mwenyewe, pale alipopazoea. Aliweza kukaa huko bila ya kujikaza, akatamka. Waliokuwa nje dirishani Ng'ambo walitaka kujua nani amedhulumiwa na nani amemdhulumu, na walijua.

Wasiompenda hawakukosekana. Walimwimbia kumdhihaki: kwamba ametoka shamba na vyungu vyake, hana nasaba wala uzuri wa sura, na kwamba lau si sauti yake asingelikuwa na chochote. Naye aliwajibu kwa wimbo, bila ya matusi, akionyesha kwamba sura na nasaba si kitu mbele ya akili na tabia njema. Hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba amepotoka katika sauti. Hilo hawakuthubutu, kwani kila mwenye masikio angelijua kuwa ni uwongo.

BOMBAY

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari wakaenda Bombay kutiwa sauti zao katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Tufikirie kazi ile ilikuwaje. Ngomani, wimbo ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, mwimbaji akaingia polepole, koo likapata moto, watu wakatunza, ubeti ukarudiwa. Katika santuri upande mmoja ulikuwa wa dakika kama tatu tu. Hakuna hadhira, hakuna vigelegele, hakuna muda wa kutafuta sauti. Mstari wa kwanza ulikuwa lazima uwe mahali pake, kwa sababu nta iliyokwisha kuchongwa haikuweza kusahihishwa. Kosa likitokea, ilibidi kuanza upya kwa nta nyingine.

Ikiwa kuna mahali ambapo desturi ya muuza vyungu ilimfaa, ni hapo. Mtu aliyezoea kuanza pale pale kila asubuhi hahitaji kuongozwa. Santuri zile zilirudi pwani na kuenea, watu wakazinunua hata waliokuwa hawajamwona Siti kwa macho, na zikafuatiwa na nyingine. Kiswahili kikasikika katika gramafoni kwa sauti ya mwanamke, na watu wa mwambao wakajivunia lugha yao.

Lakini santuri hizo hizo zilileta hatari moja ambayo mpaka leo yatuumiza. Santuri ya siku zile ilitakiwa izunguke mara 78 kwa dakika. Gramafoni ilitiwa ufunguo kwa mkono, na mashine ikichoka huzunguka polepole na sauti yote hushuka. Ikienda mbio, yote hupanda. Mizunguko minne au mitano zaidi katika dakika yatosha kuipandisha sauti kwa nusu hatua. Kwa hiyo anayeisikia sauti ya Siti katika santuri kuukuu, au katika simu aliyopelekewa na rafiki ambaye naye alichukua kwa mtu aliyeihamisha kutoka santuri, hawezi kujua kwa yakini kwamba marehemu alianzia pale anapopasikia. Huenda ni pale, huenda ni juu yake, huenda ni chini. Binti wa Mjambere anayejiua ili ashike kii ya santuri, huenda akawa ashika kii ya mashine mbovu.

Na hata kama mashine ilikuwa sawasawa, bado kii ile ilikuwa ni ya Siti. Ilifaa koo lake, umri wake na siku ile aliyoimba.

KOO HUZEEKA, WIMBO HAUZEEKI

Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 akiwa mkongwe sana, alijifunza nyimbo nyingi kwa kumsikiliza Siti, na Kijiti ni mojawapo ya zile alizoziimba mpaka mwisho wa maisha yake. Ukiwasikiliza wawili hao mmoja baada ya mwingine utastaajabu. Mmoja ana sauti nyembamba yenye kupenya. Mwingine ana sauti nzito, ya kukwaruza, iliyojaa miaka. Bi Kidude hakujaribu kupanda alikopanda Siti. Aliuchukua wimbo akaushusha mpaka ulipokaa juu ya koo lake, na hakuna aliyesema kwamba ameuharibu. Kijiti ni kile kile, na dhulma iliyomo ni ile ile.

Mfano mwingine ni wa Umm Kulthum wa Misri, ambaye sauti yake iliingia kwa redio katika nyumba nyingi za mwambao huu. Yeye alilelewa katika kisomo cha Qurani na qasida, na baba yake alikuwa imamu wa kijiji. Alipokuwa kijana sauti yake ilifika mbali sana juu. Umri uliposonga ilishuka, na watunzi wakamtungia nyimbo zilizokaa chini zaidi, na nyimbo zake za zamani akazishusha. Alipofariki Februari 1975 Cairo nzima ilimiminika njiani kumsindikiza. Hakuna aliyempunguzia heshima kwa sababu ya kushusha nyuzi. Kinyume chake, kushusha nyuzi ndiko kulikomwezesha kuimba miaka mingi hivyo.

Siti naye alifikwa na uzee kama wafikwavyo wote. Mwandishi wetu mkubwa, marehemu Shaaban Robert, aliandika wasifu wake uliotokea mwaka 1958, na ndio uliomhifadhi kwa vizazi vilivyofuata. Yeye mwenyewe alikwisha kufariki tarehe 8 Julai 1950. Miaka mingi baadaye, waandishi wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Hawakuliita sura ya Siti wala nasaba ya Siti. Walijua ni kipi kilichobaki.

KWETU MJAMBERE

Sasa nirudi nyumbani. Siku hizi katika harusi zetu udi na kanuni ni nadra. Kuna kinanda cha umeme, gitaa la besi, ngoma, na maspika makubwa yanayotikisa mabati. Kinanda hicho kina kitufe ambacho ukikibonyeza mara moja, kii yote hupanda au hushuka nusu hatua, na mpigaji haondoi hata kidole mahali alipozoea kukiweka. Kazi ambayo wapiga udi wa Siti waliifanya kwa subira, uzi baada ya uzi, leo yafanyika kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya.

Hata hivyo nimeona, si mara moja, binti akimwomba mpiga kinanda amshushie kidogo, na mpigaji akamjibu kwamba wimbo uko hapo na hapo ndipo pake, asiyeweza na asiimbe. Mpigaji wa namna hiyo ameigeuza taarab juu chini. Amelifanya koo lifungwe kwa nyuzi. Vyombo vya Siti havikumfanyia hivyo mfinyanzi wa Fumba katika zama ambazo watu walikuwa hawaoni haya kumwita mwenzao mtumwa. Sisi twawafanyia binti zetu kwa nini?

Kwa hiyo nina machache ya kuwaambia mabinti wa mtaa wangu, na wa Likoni na Changamwe pia, wanaotaka kuimba. Kabla ya siku ya shughuli, utafute ule mstari wa wimbo ulio juu kuliko yote. Uanze huo kwanza, nyumbani, ukiwa umekaa. Ukiweza kuutamka kama unavyozungumza, maneno yote yakasikika, basi hapo ndipo pako. Kutoka hapo teremka mpaka mwanzo wa wimbo, umwonyeshe mpiga kinanda. Kisha utazame na ule wa chini kabisa, usije ukakupotea kifuani. Usipapime pako asubuhi peke yake wala usiku peke yake, kwani sauti ya mtu hubadilika. Uanze shughuli kwa nyimbo nyepesi, zile za kukaza uziache mpaka koo lipate moto.

Na ukiwa umesimama mbele ya watu, taka ujisikie. Wengi wanaopotoka hawana kasoro ya sikio, ila maspika yote yametazama watu na ngoma iko mgongoni mwao, na sauti yao wenyewe hawaisikii. Omba spika moja ndogo ikutazame wewe. Ikiwa haipo, weka kiganja sikioni. Muadhini hutia vidole masikioni mwake na hakuna amchekaye. Wala wewe usiogope kuchekwa. Ukihisi umepotoka, usipige kelele kuwashinda vyombo. Punguza sauti, sikiliza besi, urudi taratibu.

Na kina mama mlio viti vya mbele, nanyi mna sehemu yenu. Binti akimwambia mpigaji apunguze, msinong'one. Hajashindwa. Afanya lile ambalo waliomtangulia walifanyiwa bila ya kuomba. Wale wawili walioacha kuimba bado wako papa hapa mtaani, na sauti zao wanazo. Mfunguo Mosi waja. Aliye karibu nao na awaambie warudi, na mwenye kinanda na ajue kitufe kiko wapi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti binti Saad, awarehemu na wenzake waliokaza nyuzi kwa ajili yake. Amin.